Bei ya neno na bei ya kazi: jinsi mwandishi wa maandishi ya kiufundi anavyokadiria malipo yake kwa Kiswahili

Katika miji ya Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Bukavu na Goma iko kazi ambayo haijapata jina linalokubaliwa na wote, ingawa watu wanaoifanya wapo. Mmoja huitwa na kampuni ya madini, au sosiete kama inavyosemwa Katanga, ili aandike kwa Kiswahili jinsi ya kuzima mashine kabla ya kuisafisha. Mwingine huitwa na mradi wa afya ili aandike karatasi ya kueleza chanjo. Wa tatu hupewa kitabu cha mashine ya kusagia mahindi, kilichoandikwa kwa Kifaransa au kwa Kiingereza, akaambiwa akifanye kieleweke kwa mtu atakayeiendesha mashine hiyo. Mtu huyu hana mshahara kwa yule aliyemwita. Mara nyingi ni mwalimu, au ni mtu aliyepata licence yake na hajapata kazi ya kudumu. Katika makala haya ataitwa mwandishi wa kiufundi, na ieleweke kwamba ni yule anayejitegemea.

Siku ya kwanza huulizwa swali moja: "Kurasa kumi, unatuomba ngapi?" Naye hujibu kwa kukisia. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini makisio hayo karibu kila mara huwa ya chini, na hesabu yenyewe hufanywaje. Jambo hili linawahusu wataalamu wa lugha zaidi ya inavyodhaniwa. Kipimo kinachotumiwa sana ulimwenguni katika kulipia maandishi ni neno, na suala la neno ni nini katika Kiswahili si suala la wafanyabiashara peke yao.

Hesabu inayoanzia nyumbani

Njia ya kukisia ambayo wengi huifuata ni kuuchukua mshahara wanaoujua na kuugawa. Ichukuliwe hesabu ifuatayo, ambayo ni ya mfano tu. Mtu anaona kwamba nyumba yake yaweza kuishi kwa dola 600 kwa mwezi. Anahesabu siku 22 za kazi, kila siku saa 8, jumla saa 176. Anagawa, anapata dola 3 na senti 41 kwa saa, na hiyo ndiyo anayoitaja. Haipiti miezi mitatu kabla hajaona kwamba anafanya kazi na hana fedha.

Amesahau mambo mawili. La kwanza ni kwamba mwajiriwa hapewi mshahara peke yake. Hupewa pia kiti, meza, mashine, umeme, na siku za kupumzika zenye malipo. Anayejitegemea hununua yote hayo mwenyewe. Kompyuta yake itakufa baada ya miaka michache na lazima nyingine inunuliwe. Umeme ukikatika, atatafuta petroli ya jenereta au atalipa mahali pa kukaa penye umeme. Atalipia intaneti, karatasi, na safari za kwenda kuonana na wahandisi mgodini au waganga hospitalini. Akiugua, hakuna atakayemlipia dawa wala siku zile alizolala. Gharama hizo zikikadiriwa kuwa dola 1,800 kwa mwaka, na kodi, matibabu na akiba vikikadiriwa kuwa dola 2,000, basi pamoja na zile dola 7,200 za nyumba, mwaka wake unahitaji dola 11,000.

La pili, nalo ndilo linalosahauliwa zaidi, ni kwamba si kila saa ya kazi inayoweza kuuzwa. Mwaka una majuma 52. Yakitolewa 6 kwa ajili ya sikukuu, ugonjwa, misiba na mapumziko, yanabaki 46, yaani siku 230, ambazo ni saa 1,840. Lakini katika saa hizo mwandishi anatafuta wateja, anaandika barua za kueleza kazi yake, anangoja mlangoni kwa mhasibu, anajifunza mambo ya fani asiyoijua. Hakuna mteja anayelipa saa za namna hiyo. Anayeuza nusu ya saa zake amefanikiwa. Nusu ya 1,840 ni 920. Dola 11,000 zikigawanywa kwa saa 920 ni karibu dola 12 kwa saa.

Tofauti ya dola 3 na senti 41 na dola 12 haitokani na tamaa. Watu wawili wanaoishi maisha yale yale, katika mtaa ule ule, wataitaja kila mmoja bei yake kwa moyo safi. Mmoja atakuwa anailisha sosiete kwa akiba ya nyumba yake bila kujua. Hata hivyo dola 12 si bei anayopaswa kumtajia mteja. Ni sakafu ya nyumba tu: chini yake asishuke, juu yake apande kadiri ujuzi wake, ugumu wa kazi na haraka ya mteja vinavyoruhusu. Kila mtu aweke tarakimu zake mwenyewe. Mwenye watoto sita Bukavu hatakuwa na sakafu moja na kijana anayekaa kwa wazazi wake Kenya, mtaa wa Lubumbashi.

Neno moja ni maneno mangapi?

Mteja hapendi kusikia habari ya saa, kwa maana hawezi kuziona. Anataka kulipa kitu kinachohesabika, na mashirika mengi ya kigeni huja na mazoea yao ya kulipa kwa neno. Hapa ndipo Kiswahili kinapomletea mwandishi hasara isiyoonekana.

Sentensi hii ya Kifaransa yaweza kukutwa ukutani mwa karakana yoyote: "Ne touchez pas la machine avant que le courant ne soit coupé." Kompyuta huhesabu ndani yake maneno 12. Kwa Kiswahili: "Usiiguse mashine kabla umeme haujakatwa." Hayo ni maneno 5. Hakuna kilichopunguzwa katika maana. Katazo, mtendwa, wakati, hali ya kutendewa, vyote vimo. Ila vimeingia ndani ya kitenzi kama viambishi, na kompyuta haihesabu viambishi. Ikiwa neno hulipwa senti 10, Mfaransa amepata dola 1 na senti 20, na mwandishi wa Kiswahili amepata senti 50 kwa onyo lile lile linaloulinda mkono ule ule.

Wafasiri huweza kujikinga kwa kudai kwamba maneno yahesabiwe katika maandishi ya asili, si katika tafsiri. Ni dai la haki, na wateja wenye uzoefu hulikubali. Lakini anayeandika moja kwa moja kwa Kiswahili hana maandishi ya asili ya kuhesabu. Ana mazungumzo na fundi, mchoro wa mashine, na kurasa zake mwenyewe. Kwake yeye bei ya neno iliyopangwa kwa Kifaransa au Kiingereza ni kama nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Wanaisimu wanajua kwamba kasoro hii si ya Kiswahili peke yake, na kwamba haitokani hata na lugha yenyewe bali na mwandiko. Kizulu na Kisotho cha Kaskazini ni lugha za Kibantu zenye muundo wa kitenzi unaofanana sana. Ili kusema "ninawapenda", Mzulu huandika ngiyabathanda, neno moja. Msotho wa Kaskazini huandika ke a ba rata, maneno manne. Kwa bei ya neno, Msotho angelipwa mara nne kwa sababu tu wale walioweka mwandiko wa lugha yake walipendelea kutenga viambishi. Na hapa Kongo, yeyote aliyesoma barua za watu wasiofundishwa Kiswahili shuleni amekutana na "ni na sema" mahali pa "ninasema". Bei ya neno, ikishikwa kikamilifu, ingempa zawadi yule asiyejua tahajia. (Mwanafunzi mwerevu asije akaitumia sentensi hii kwa mteja.)

Nchi nyingine zimetafuta kipimo kisichotegemea mipaka ya neno. Ujerumani, sheria ya malipo ya wafasiri wa mahakama, iliyoanza kutumika mwaka 2004, hupima kwa mstari wa alama 55, na kwa kawaida alama huhesabiwa katika lugha ya tafsiri. Ufaransa, wachapishaji wamezoea ukurasa wa alama 1,500, yaani mistari 25 yenye alama 60, nafasi zikiwa ndani ya hesabu. Kwa kipimo hicho, ile sentensi ya Kifaransa ina alama 61 na ya Kiswahili ina alama 40. Hasara ipo bado, lakini si ile ya kwanza: kwa neno Kiswahili kilipata asilimia 42 ya malipo ya Kifaransa, kwa alama kinapata karibu 66. Sentensi moja haiwezi kuwa kanuni, bila shaka. Kila mwandishi aichukue kazi yake mojawapo iliyo katika lugha mbili, ahesabu maneno na alama za pande zote mbili, naye atapata uwiano wake. Nusu saa itatosha, na uwiano huo ukiwa mkononi atakuwa na jibu la tarakimu mbele ya mteja, mahali pa malalamiko.

Maneno machache, siku nyingi

Hata hivyo alama nazo hazitoshi, kwa sababu katika maandishi ya kiufundi kuandika ndiyo sehemu ndogo. JoAnn Hackos, Mmarekani aliyeandika mwaka 1994 kitabu kinachojulikana sana juu ya usimamizi wa kazi hizi, aliigawa kazi katika hatua tano: kupanga, kubainisha yatakayokuwamo, kuandika, kutayarisha uchapaji, na kutathmini. Kuandika ni hatua moja kati ya tano. Katika Kiswahili cha Kongo yafaa kuongezwa kazi ambayo Mmarekani haijui sana, nayo ni ya kutafuta istilahi. Je, mfanyakazi wa Kolwezi aandikiwe "umeme" wa kamusi, au courant analolitamka kila siku? Sehemu fulani ya pampu isiyo na jina katika kamusi yoyote iitweje, na mafundi wa zamu ya usiku wanaiitaje? Jibu halipatikani mezani. Hupatikana kwa kwenda, kuuliza, kuandika majina matatu yanayopingana, na kurudi kuuliza tena.

Kwa hiyo bango la maneno sita laweza kuchukua siku mbili, na bei ya neno katika hali hiyo ni mzaha. Njia inayofaa ni bei ya kazi nzima iliyojengwa juu ya saa. Mwandishi huomba kwanza kuyaona maandishi au mashine. Huandika kwa faragha makadirio yake: saa za kusoma, saa za kuonana na mafundi, saa za kuandika, saa za kuwasomea watumiaji wawili au watatu na kuona wanapokwama, saa za masahihisho. Hujumlisha, huongeza sehemu ya tano au ya nne kwa ajili ya yasiyotarajiwa, huzidisha kwa bei yake ya saa, kisha humtajia mteja jumla peke yake. Kazi ikiwa ya saa 40, na nyongeza ya saa 10, kwa dola 12 ni dola 600. Mteja anaona kitabu kimoja chenye bei moja. Mwandishi anajua kilichomo.

Jambo la muhimu hapa ni daftari. Asiyeandika saa alizotumia kweli katika kazi iliyopita atakisia tena katika kazi inayofuata. Baada ya kazi nne au tano daftari lenyewe litamfundisha ukurasa mmoja wa maelezo ya usalama humchukua saa ngapi, na karatasi ya chanjo saa ngapi. Hakuna jedwali la kigeni linaloweza kumpa habari hiyo.

Siku hizi kuna wateja wanaokuja na maandishi ambayo yamekwisha kufasiriwa na programu ya kompyuta, wakiomba "kusahihishiwa tu" kwa theluthi ya bei. Google iliingiza Kiswahili katika programu yake ya kutafsiri mwaka 2009, na programu za namna hiyo zimeboreka sana tangu hapo. Lakini Kiswahili chake mara nyingi ni cha mashariki, kinachonyooka kinaposomwa ofisini na kukwama kinapofika kwa msomaji wa Shabunda. Kuna pia hatari ya namna yake: sentensi iliyo nzuri na isiyo kweli. Kusahihisha maandishi hayo kulipwe kwa saa, kamwe si kwa neno, kwa kuwa mwandishi hawezi kujua kabla ya kuanza kama atabadili kumi au atayafuta yote.

Fedha gani?

Walioishi Zaire ya miaka ya 1990 hawahitaji kuelezwa. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni 3. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa karibu asilimia 10,000. Mwaka 1998 faranga ya Kongo ilikuja kwa zaire mpya 100,000. Aliyepatana bei kwa zaire akalipwa baada ya miezi mitatu alipokea karatasi. Nayo faranga, ambayo ilipoanza haikufika mbili kwa dola, mwaka 2023 ilikuwa imepita 2,000. Ndiyo maana mapatano ya kazi ndefu hutajwa kwa dola, au kwa faranga pamoja na maneno "kwa kiwango cha siku ya kulipa". Maneno hayo machache yana thamani kuliko kubishania dola hamsini. Vilevile iulizwe mapema kama bei ni kabla ya kodi au baada yake. Tangu mwaka 2012 iko kodi ya thamani iliyoongezwa ya asilimia 16, na mhasibu wa sosiete kubwa ataleta habari ya kodi siku ya malipo hata kama hakuna aliyeitaja siku ya mapatano.

Kwa nini hakuna bei ya pamoja

Wengi huuliza kwa nini waandishi wasikutane wakaweka bei moja ambayo kila mtu ataifuata. Wakalimani wa mikutano walijaribu. Shirika lao la kimataifa, AIIC, lililoundwa mwaka 1953, lilikuwa na kanuni za malipo kwa wanachama wake. Tume ya biashara ya Marekani iliamua mwaka 1997 kwamba kupanga bei kwa namna ile ni kuvunja sheria za ushindani. Chama cha waandishi wa kiufundi cha Marekani, Society for Technical Communication, hakikuweka bei, bali kilichapisha takwimu za mishahara ili kila mtu ajipime; nacho kilifungwa mwezi Januari 2025. Linalowezekana bila shida ni watu kuambiana kweli. Waandishi watano wa mji mmoja wakijuana na kujua kila mmoja alilipwa kiasi gani kwa kazi gani, mteja hataweza kumwambia wa tano kwamba wanne wote walikubali nusu.

Na wanaokubali nusu wapo, wala hawastahili kulaumiwa kwa haraka. Mwenye njaa hujibu swali la "ngapi" kabla halijaisha. Lakini matokeo yake hayaishii mfukoni mwake. Katiba ya mwaka 2006 imekitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, ila katika makadirio ya fedha ya miradi mingi Kifaransa hupewa mwandishi, na Kiswahili hupewa yeyote "aliyezaliwa Kasongo", mwishoni, kwa fedha zilizobaki. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, iliyoanza Agosti 2018 na kwisha Juni 2020 baada ya kuua watu 2,287, uchunguzi wa shirika la Translators without Borders ulionyesha kwamba maandishi mengi ya Kifaransa na ya Kiswahili sanifu hayakueleweka vizuri na wenyeji waliokusudiwa. Karatasi zilikuwapo, na zilikuwa zimelipiwa. Kilichokosekana ni zile saa za kwenda kuuliza watu wanasemaje, yaani saa zile ambazo bei ya neno haizioni na bei ya nusu haiwezi kuzinunua.

Mapatano

Yaliyobaki ni ya kuandika katika ukurasa mmoja, uwe na sahihi mbili. Mteja alipe sehemu kabla ya kazi kuanza, nusu ikiwezekana. Katika kazi ya miezi mingi alipe kwa hatua. Itajwe idadi ya masahihisho, mara mbili kwa kawaida, na kwamba badiliko la mashine au la dawa yenyewe ni kazi mpya. Itajwe nani ataidhinisha, maana ofisi yenye wakubwa watatu huwa na maoni matatu. Itajwe pia siku ya kulipa, ikihesabiwa tangu maandishi yalipopokelewa, si tangu yalipochapwa, kwa sababu uchapaji waweza usifanyike kamwe.

Halafu kuna matabishi. Kama sokoni, mteja akishalipa kilo huomba kiganja cha juu: barua ndogo ifasiriwe, hotuba ya mkurugenzi ipitiwe macho. Kukataa ni ukali, na mwandishi anayejua watu hakatai. Huliandika katika hati yake ya madai, mstari wa mwisho, pamoja na bei yake kamili, na mbele yake huweka neno "zawadi". Mteja huona kwa macho yake alichopewa, na mara ijayo huuliza bei kabla ya kuomba.